Waliokwenda Kuposa Uvimbe

Leonidasi Nkunzimana alikuwa tabibu mzuri, na kuanzia Kibondo mjini hadi kambi ya wakimbizi ya Nduta alikofanya kazi hakuna aliyelipinga hilo. Kasoro yake ilikuwa moja tu: akisikia jambo jipya halimkai tumboni. Lazima alitoe, na kabla ya kulitoa lazima alipake mafuta kidogo ling'ae. Mke wake, Ndayikeza, alishamwambia mara nyingi kwamba iko siku mdomo utamponza. Pasaka ya mwaka 1999 ukamponza kweli, tena ukweni.

Jambo lenyewe alilipata kwa Immakulata, muuguzi Mrundi aliyefanya naye kazi katika kliniki ya kambi. Immakulata alisomea Bujumbura kabla ya vita, na Kifaransa kilimtoka bila kutafuta maneno. Daktari mmoja mgeni alikuwa ameondoka akaacha gazeti la sayansi, na mchana mmoja wa mvua, wagonjwa wakiwa wachache, Immakulata akalifungua.

"Tabibu, sikia hii," akasema. "Banasema iko watu huko Ulaya na Amerika banatengeneza vipunje vidogo sana, banavivika dhahabu. Unaviingiza mu mwili, unamulika taa, vinapata moto. Moto unapika kansa peke yake. Ngozi haiungui."

"Bila kisu?"

"Bila kisu. Lakini bado banawaza tu. Hapa baliandika 'labda'. Na hapa tena 'labda'. Na huku chini tena."

Leonidasi akasikia dhahabu, akasikia mwanga, akasikia bila kisu. Zile labda tatu nazo alizisikia, ila hazikupanda naye lori la mahindi ya msaada lililompeleka Kasulu wiki iliyofuata.

Ukweni kwake ni kijiji cha Heru Juu, karibu na Kasulu. Mama mkwe wake, Kezia, ni mjane, mlokole wa Kianglikana, mwanamke aliyelea watoto sita kwa muhogo na maharage na ambaye hajawahi kukopa jembe la mtu. Kwa Waha wa kizazi chake, mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni wala hawaulizani maswali. Mkwe hula sebuleni, mama mkwe hukaa chumba cha nyuma, pazia katikati yao, na mwenye neno hulipitisha kwa mtu mwingine. Habari za mwili ndizo kabisa. Kusema tu kwamba kiuno kinakuuma, mkwe akisikia, ni aibu ya kumhamisha mtu wilaya.

Siku ile ya Pasaka, baada ya ibada, sebule ilijaa majirani na ugali wa muhogo na samaki wa migebuka walioungwa kwa mawese. Watu wakashiba, mazungumzo yakalegea, na Leonidasi akaona nafasi yake. Akaeleza vipunje vya dhahabu kama mtu aliyevichekecha kwa mikono yake. Akaeleza mwanga, akaeleza joto, akaeleza uvimbe unavyoiva na kusinyaa huku mgonjwa anapiga soga na muuguzi. Watu wakaguna kwa mshangao, naye akanogewa.

"Na huku kwetu vitafika?" mzee mmoja akauliza.

"Dunia ya leo imekuwa kijiji," Leonidasi akajibu, akavuta kichwa cha samaki.

Nyuma ya pazia, Kezia alikuwa ameacha kumenya ndizi. Tangu Krismasi alikuwa na kivimbe kwenye ziwa la kushoto, kigumu, kisichouma, na hakumwambia mtu. Alisikia kila neno la mkwe wake na kulielewa vizuri. Alichokosa ni nafasi ya kuuliza: vitakuja lini, dhahabu ya namna gani, taa gani. Mtu mwingine yeyote pale nyumbani angeuliza. Mama mkwe haulizi, kwa hiyo alichukua alichopewa akakitumia alivyoweza.

Leonidasi aliyajua haya mwezi Juni, Ndayikeza aliporudi Kibondo kutoka kumsaidia mama yake kuvuna maharage. Hata mzigo hakuutua vizuri.

"Baba Klodina, kaa chini," akasema. "Nimemkuta mama nyuma ya migomba, saa nne asubuhi, amekalia kinu alichokipindua. Kanga imeshuka mpaka kiunoni. Pete ya marehemu baba ameifunga kwa uzi juu ya ziwa, na mkononi ameshika kile kioo cha baba cha kunyolea, analielekeza jua lipige pete."

Leonidasi akacheka. Ile pete aliijua. Marehemu alikuja nayo kutoka kwenye mashamba ya mkonge Tanga, na kijiji hakijawahi kuafikiana kama ni dhahabu au shaba. Akacheka mpaka alipoona anacheka peke yake.

"Chini ya pete kuna uvimbe," Ndayikeza akasema. "Nimeushika. Ni kama njugu mawe, na hauchezi ukiusukuma. Na ngozi ameibabua kwa kile kioo."

Kicheko kikamkauka. Alikuwa amepapasa vivimbe vingi katika kazi yake na alijua maana ya kile kisichocheza. Akahesabu miezi kutoka Krismasi, akaona miwili kati ya hiyo ameipoteza yeye, kwa mdomo wake, akiwa ameshika kichwa cha samaki. Hofu ikamshika, na aibu ikaja juu yake.

"Ulimwambia aende hospitali?"

"Nilimwambia mpaka nikalia. Akasema, 'Mumeo amesema ipo njia isiyo na kisu. Mumeo ni tabibu wa serikali, hasemi ovyo. Wewe nilikuosha mimi, utanifundisha nini?' Halafu akanikumbusha rafiki yake mmoja wa kijiji cha Makere, alikatwa uvimbe na mwezi haukwisha wakamzika."

"Mwambie mimi nimekiri nilikosea."

"Nilishamwambia huenda ulikosea. Amesema kama umekosea uje useme mwenyewe."

"Nikienda siruhusiwi kulisema."

"Huruhusiwi," Ndayikeza akakubali. "Na barua usithubutu. Mama hajui kusoma, ataisomewa na mchungaji. Unataka mchungaji asome habari za ziwa la mama yangu?"

Ilikuwa wazi kwa wote wawili kwamba Kezia atakufa kwa adabu. Leonidasi alimpenda yule mama, ingawa katika miaka kumi na mmoja ya ndoa alichokuwa ameona zaidi ni visigino vyake vikipotelea nyuma ya pazia. Alipokuwa mwanafunzi hana kitu, ni yeye aliyewaambia ndugu zake wasimkamue sana kwa mahari. Sasa analipwa kwa hadithi ya nusu.

Usiku ule hakupata usingizi, na asubuhi akaomba ruhusa ya siku nne, akamwachia Immakulata kliniki na kudandia lori la kwanza la kwenda Kasulu.

Hakwenda Heru Juu moja kwa moja. Alikwenda kwanza hospitali ya misheni kuonana na daktari mpasuaji, mama mmoja mfupi asiyependa maneno mengi. "Mlete wiki hii," akamwambia. "Wiki hii nitafanya kitu. Baada ya mvua za vuli sitaki kukuahidi." Kutoka pale akaenda stendi kumtafuta Nsabimana.

Nsabimana ni fundi baiskeli, na ndiye aliyekuwa mshenga wake wakati wa kumwoa Ndayikeza. Katika Kasulu nzima hakuna aliyemzidi kwa ufasaha wa posa, hilo yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kulisema. Vijana wa siku hizi walikuwa wamepunguza shughuli, wanatoroshana tu, na Nsabimana alikaa pale na pampu yake akiona kipaji kinaota kutu. Leonidasi akamweleza kila kitu, sauti chini, huku akijifanya anatazama mnyororo wa baiskeli.

"Mwili wa mama mkwe hausemeki," Nsabimana akasema Leonidasi alipomaliza.

"Najua. Ndiyo shida yangu."

"Lakini posa inasemeka." Akafuta mikono kwa kitambaa chenye grisi. "Ukweni unaweza kwenda ukaomba binti, ukaomba ng'ombe, ukaomba shamba. Mradi umekuja na mshenga na zawadi, mwenye nyumba lazima akusikilize mpaka mwisho. Tutauposa uvimbe."

Leonidasi akamtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Macho yalikuwa yameshachangamka.

"Lete pombe ya ndizi mitungi miwili," Nsabimana akaongeza.

"Mama ni mlokole."

Nsabimana akasikitika kwa dhati. "Basi kreti ya soda," akasema. "Na jembe jipya. Bila jembe sisemi kitu."

Jumamosi mchana wakatokea Heru Juu, Nsabimana mbele na koti lake la suti, Leonidasi nyuma na jembe begani, na kreti ya soda juu ya baiskeli. Ndayikeza, aliyetumiwa ujumbe Kibondo, alikuwa amefika kwa gari la siku moja kabla. Akawakaribisha sebuleni kwa uso mkavu wa shughuli, akachukua jembe, akalipitisha nyuma ya pazia. Halafu sauti ya Kezia ikasikika, tulivu: "Waulize wageni wamekuja na neno gani."

Nsabimana akasimama. Akakohoa kikohozi cha mtu aliyengoja mwaka mzima.

"Wenye nyumba, amahoro, amani kwenu," akaanza. "Sisi ni watu wa njiani. Tumesikia kwamba humu ndani amehamia binti ambaye hakualikwa. Anakula na hajalima. Ananenepa, na mwenye nyumba anakonda. Hamsalimii mtu, hamsaidii mtu, na kila mwezi anadai nafasi zaidi. Tumeona tuje tuwaondolee huo mzigo. Tumekuja kumposa."

Leonidasi alitazama vidole vya miguu yake. Aliwaza kwamba sasa atafukuzwa, na akifukuzwa hakuna njia nyingine.

"Binti huyo bado mdogo," Kezia akasema.

"Ego, ni kweli, mama, ndiyo sababu tumewahi," Nsabimana akajibu papo hapo. "Akikomaa ataleta na wadogo zake. Hatutawaweza."

"Mwoaji ni nani?"

"Daktari mpasuaji wa misheni. Mikono yake ni safi, na ameshaoa wengi wa ukoo huo."

Kutoka nyuma ya pazia ukasikika mguno ambao Ndayikeza aliapa baadaye kuwa ulikuwa kicheko. Lakini sauti iliyofuata haikuwa na mzaha. "Niliambiwa wapo waposaji wengine. Wanakuja na dhahabu na mwanga, hawana kisu. Aliyesema hivyo ninamwamini. Kwa nini nimtoe binti kwa mwenye kisu, wakati wa dhahabu wako njiani?"

Nsabimana akamgeukia Leonidasi, ingawa kwa desturi mwoaji na watu wake hawasemi, mshenga yupo kwa kazi hiyo. Leonidasi alijua. Akasimama hata hivyo, uso kaugeuzia ukutani ili asivunje miiko yote kwa mara moja.

"Hawako njiani, mama," akasema. "Mimi ndiye niliyesema, na sikusema yote. Hao watu wametengeneza vipunje kwenye chupa. Hawajamtibu mtu hata mmoja. Gazeti lilisema labda mara tatu, mimi zile labda nikaziacha Nduta kwa sababu nilitaka watu wanisikilize. Pengine itachukua miaka kumi, pengine ishirini. Uvimbe hautangoja. Nakuomba msamaha. Nilikuwa najionyesha."

Akaketi, bado ameutazama ukuta.

"Ndayikeza," Kezia akasema, "muulize huyo mwenye kusema: hivyo vipunje vinajuaje pa kwenda?"

Ndayikeza akafumbua mdomo apitishe swali, lakini Leonidasi alikuwa ameshaanza kujibu. Uvimbe hukua haraka, akasema, na mishipa yake hujengwa haraka, ovyo, ina matundu. Kitu kidogo sana kikipita humo kinavujia ndani na kubaki.

"Vidogo kama unga?"

"Ukichukua chembe moja ya unga, mama, ndani yake vinaenea maelfu na maelfu."

"Kwa hiyo pete haiwezi."

"Pete haiwezi."

"Hata ingekuwa dhahabu kweli."

"Hata ingekuwa ya mfalme."

"Na mwanga unapitaje nyama? Mimi nimekaa juani tangu Mei, nimeungua ngozi tu."

Kumbe yule mama alikuwa ameyatunza maswali tangu Pasaka, moja juu ya jingine, na sasa yalikuwa yanatoka kwa mpangilio. Leonidasi akatoa tochi yake ya kazini mfukoni, akampa Ndayikeza aipeleke. "Chumba hicho kina giza," akasema. "Awashe, aifunike kwa kiganja, atazame vidole."

Wakasubiri. Nyuma ya pazia swichi ikalia.

"Vimekuwa vyekundu," Kezia akasema polepole. "Naona damu yangu inang'aa."

"Huo ndio mwanga unaopita. Rangi nyingine zinaishia juu juu, nyekundu inapenya. Wao wanatafuta mwanga wa upande huo wa nyekundu, na kwenye vipunje ndipo unapogeuka kuwa joto. Si uongo, mama. Wazo ni zuri sana. Limechelewa tu kwako."

Ndayikeza alisema baadaye kwamba mama yake alikuwa ameketi kitandani akiwasha na kuzima tochi, akiutazama mkono wake kana kwamba wa mtu mwingine, na machozi yanamtiririka bila yeye kujali. Alikuwa anaogopa, akamwambia bintiye kwa kunong'ona. Alikuwa anaogopa kisu tangu siku ile ya mazishi ya Makere. Kisha akafuta uso kwa kanga na kupaza sauti.

"Mwambieni mshenga posa nimeisikia. Binti atatoka. Mahari yangu ni moja. Majibu yakija, mazuri au mabaya, aje aniambie yule aliyesema ya dhahabu. Yeye mwenyewe, ananitazama. Sitaki mtu wa katikati."

Nsabimana akasema mahari hiyo haijawahi kusikika katika nchi nzima ya Waha. Halafu akasema imekubaliwa, akafungua soda ya pili.

Kezia alikatwa Jumatano iliyofuata. Daktari aliondoa ziwa lote na vitezi vya kwapani, na Kezia alipozinduka swali lake la kwanza lilikuwa kama maharage yameanikwa. Kuhusu ziwa alisema lilinyonyesha watoto sita na lilikuwa halidaiwi na mtu. Akalia kidogo hata hivyo, akiwa ameushika mkono wa Ndayikeza, na siku ya tatu akaanza kuwapangia wauguzi namna ya kukunja mashuka. Vyote vilivyokatwa vilipelekwa maabara Mwanza, na wakaambiwa wasubiri.

Walisubiri wiki saba. Leonidasi alirudi Nduta, akapima malaria, akafunga vidonda, na kwa wiki saba hakusimulia mtu kitu chochote. Immakulata aliliona hilo akaogopa. "Tabibu, unaumwa?" akamuuliza. Siku simu ya upepo ilipoleta ujumbe kwamba bahasha ya majibu imefika, Leonidasi alikuwa ameshapanda lori kabla opereta hajamaliza kuandika.

Aliipokea hospitalini ikiwa imefungwa. Mpasuaji alikuwa safarini, na karani akamwambia yeye ni tabibu, anaruhusiwa kuifungua. Hakuifungua. Alijua akiisoma njiani atafika Heru Juu ameshaandaa maneno, na maneno yake ya kuandaa ndiyo yaliyowafikisha hapa. Akaiweka ndani ya shati, akaazima baiskeli ya Nsabimana, akapanda kilima cha Heru Juu kwa miguu zaidi kuliko kwa pedali.

Kezia alikuwa uani anapepeta maharage kwa mkono mmoja, wa kushoto ukiwa bado mzito. Alipomwona hakukimbilia ndani. Aliweka ungo chini, akakaa kwenye kigoda, akainua uso akamtazama. Leonidasi hakuwa anajua kwamba mke wake ana macho ya mama yake.

"Soma," Kezia akasema.

Akachana bahasha. Karatasi ilikuwa moja, imepigwa taipu kwa Kiingereza. Akasoma mstari wa kwanza, akautafsiri kama ulivyo, bila kuupaka chochote.

"Wanasema ni kansa, mama."

"Endelea."

"Wanasema ukubwa wake ni sentimita mbili na nusu." Akashusha kidole kwenye mstari wa chini. "Wanasema kingo zote za nyama iliyokatwa ni safi. Vitezi vya kwapani wamekata kumi na kimoja." Akarudia mstari kwa macho, kisha akaurudia tena, kwa sababu safari hii hakutaka kuacha neno nyuma.

"Mbona umenyamaza?"

"Vyote kumi na kimoja havina kitu," akasema. "Haukuwa umesambaa. Wamekuandikia kurudi kupimwa kila baada ya miezi mitatu, na hapo hakuna labda ninayoificha: unaweza kurudi, inatokea. Lakini leo hauko. Umeondoka wote."

Alitaka kuongeza neno, akaona ameshaanza kulia. Alilia amesimama, karatasi mkononi, tabibu mzima mbele ya mama mkwe wake, na kuku wanadonoa maharage kwenye ungo bila wa kuwafukuza.

Kezia akawafukuza. Akainuka taratibu, akaenda mpaka mlangoni, akalivuta pazia la chumba cha nyuma akalikunja juu ya waya. Kisha akamwita kwa jina ambalo kwa miaka kumi na mmoja hajawahi kulitamka, maana jina la mkwe halitamkwi.

"Leonidasi," akasema, "ingia huku ule. Ugali unapoa."